Kucha za Mkono wa Kulia

Jumamosi saluni ya shangazi haikuwa na pa kuweka hata pochi. Wanawake walijaa kwenye viti, kwenye stuli, wengine kwenye ngazi iliyoteremka hadi duka la viatu lililokuwa chini, vichwa vimefungwa taulo, na mashine za kukaushia nywele zilivuma kiasi kwamba mwenye umbea ilimbidi ausemee sikioni. Miaka ile rangi ya kucha ya jeli ilikuwa bado ngeni. Shangazi alikuwa na taa moja tu ya kuikaushia, ndogo kama redio, yenye mwanga wa zambarau, na aliyeaminiwa nayo alikuwa binti wa kaka yake, msichana mwembamba mwenye alama nyeusi kidevuni. Kwa ajili ya alama hiyo, tangu utotoni hakuitwa jina lingine ila Kidoti.

Siku hiyo Kidoti alivaa aproni ya samawati juu ya gauni la maua, na alikuwa katikati ya mabishano. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa amempa mkono mmoja, na wa pili ameuficha mapajani kama anayeogopa kuibiwa.

"Mimi nimeambiwa jeli inaua kucha," alisema mwalimu. "Zinakosa hewa."

"Dada, kucha hazina pua," Kidoti akamjibu. "Chakula chake kinatoka ndani, kwenye damu. Hewa ya juu zitaipeleka wapi?"

"Mbona za mdogo wangu zimekuwa laini kama karatasi iliyolowa?"

"Alizitoaje?"

Mwalimu akafikiri kidogo. "Alizibandua kwa meno. Alikuwa anaangalia tamthilia."

"Basi tusiilaumu jeli. Tuilaumu tamthilia."

Wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho akaingia mwanamume.

Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, suruali nyeusi, na begani alining'iniza gitaa ndani ya mfuko wa turubai. Kicheko kilipungua, kisha kikazidi.

"Kaka, viatu viko chini," mmoja akamwambia.

"Nimeviona. Namtafuta fundi wa kucha."

"Umemleta shemeji?"

"Nimezileta hizi." Akainua mkono wa kulia. Kucha zake zilikuwa ndefu, zimechongwa vizuri kuliko za wengi waliokuwa mle ndani, isipokuwa ule wa kidole cha kati uliovunjika ukaacha pembe kama jino la mtoto. Za mkono wa kushoto zilikatwa hadi mwisho.

"Jioni napiga harusini," akasema, sasa akimtazama Kidoti peke yake. "Mkono huu ndio unaokwaruza nyuzi. Bila kucha mimi ni mtu aliyebeba sanduku tu."

Mwalimu, kwa huruma au kwa udadisi, akamwachia kiti. Kidoti akaushika ule mkono. Ulikuwa mkavu, una joto, na ncha za vidole zilikuwa laini ajabu kwa mwanamume.

"Nikupake rangi gani?" akamuuliza. "Nyekundu ipo."

"Ukinipaka nyekundu bi harusi ataona wivu. Nipake isiyoonekana."

Akaijenga ile pembe iliyovunjika kwa jeli nyeupe kama maji, tabaka juu ya tabaka, akiuingiza mkono kwenye taa na kuutoa. Alipomaliza alimwonya, kama alivyowaonya wote, kwamba ikianza kunyanyuka asiibandue. Arudi ailoweshe kwa dawa, itoke yenyewe, kwa sababu jeli ikishika imeshika, na anayeing'oa anaing'oa pamoja na ukucha wake.

"Nikirudi nitakukuta?"

"Mimi nakwenda wapi? Nimefungwa na waya wa taa."

Basi akarudi. Wiki mbili haziishi, tatu hazikamiliki, yule mwanamume yuko mlangoni. Wanawake wa Jumamosi walimzoea wakambandika jina, Nyuzi. Alikuwa akikaa pale na soda yake, mkono mmoja kwa Kidoti, akisimulia mambo ya maharusini: baba wa bwana harusi aliyelala kwenye hotuba yake mwenyewe, wapambe waliogombania kipaza sauti hadi kikazimika. Shangazi aliwatazama kupitia kioo huku akisuka.

"Huyu kijana ana kucha tano," alisema siku moja, bila kumwambia mtu yeyote, "lakini anakaa kama ana ishirini."

Siku ambazo hakuja, alipiga simu.

"Fundi, habari za kazi?"

"Njema. Kucha zinaendeleaje?"

"Zinakusalimia. Hiki kidole cha pete kinalalamika hukukishika sana."

"Kiambie kivumilie. Kuna foleni."

"Na mwenye kidole naye avumilie?"

"Mwenye kidole ana maneno mengi," Kidoti alijibu, na baada ya kukata simu alibaki akitabasamu kwenye chupa za rangi mpaka mteja akamkumbusha kuwa ana mkono mwingine.

Jumapili jioni walitembea. Hawakuwa na pa kwenda, na hilo halikuwahi kuwasumbua. Walipita kwenye maduka yaliyofungwa wakichagua vitu nyuma ya vioo, Kidoti akichagua makochi, Nyuzi akichagua taa, kama watu wenye nyumba. Hata leo, miaka imepita na mengi yamepita nayo, Kidoti akiulizwa raha ni nini, hasemi kitu kikubwa. Anakumbuka ile mitaa ya Jumapili yenye milango ya chuma iliyoteremshwa, na mtu anayempigia mluzi wimbo ambao bado hajamaliza kuutunga.

Yaliyoharibika yaliharibika mchana mweupe, siku ya kazi, saluni ikiwa na mteja mmoja aliyesinzia chini ya mashine.

Nyuzi aliingia mbio, kofia mkononi. Hakukaa.

"Nimepata," akasema. "Ile hoteli kubwa. Wanataka nipige kila jioni kwenye ukumbi wa chakula. Mkataba wa mwaka mzima, na chumba cha kulala wananipa wao."

Hoteli hiyo ilikuwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Kidoti aliifunga chupa ya rangi aliyokuwa ameishika.

"Hongera," akasema. "Unaanza lini?"

"Mwezi ujao. Nitengenezee hizi zing'ae, nikazioneshe kwa meneja."

Akaupokea mkono, akausogeza dirishani. Mwezi ule wote Nyuzi alikuwa safarini na bendi, Kidoti hakuwa ameushika mkono huo. Kwenye kucha tatu jeli ilikuwa imekwisha kutoka, na chini yake palikuwa na mabaka meupe, mikwaruzo, na ukucha mwembamba uliopinda alipoubonyeza.

"Inauma?"

"Kidogo tu."

"Ukucha mzima hauumi. Umezibandua."

Nyuzi akatazama pembeni. "Zilinyanyuka tukiwa njiani. Ningefanya nini, niteremke kwenye gari?"

"Hizi sizipaki. Nikiweka jeli juu ya huu wembamba, itashika wiki moja na itaondoka na kilichobaki. Zikate. Zipakwe mafuta, zikue upya toka chini. Miezi mitatu, minne."

"Mwezi ujao naanza kazi, Kidoti."

"Nimesikia."

Nyuzi alimtazama. Kisha akauvuta mkono wake taratibu, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Kidoti hakuwahi kuiona.

"Miezi yote hii kucha zilikuwa nzima. Zimekuja kuugua leo, baada ya mimi kupata kazi ya mbali."

"Unaona nadanganya?"

"Naona hutaki niende."

Kidoti akafungua mdomo kusema si kweli. Neno halikutoka. Kucha zilikuwa mbovu, hilo angeliapa mbele ya yeyote. Lakini ni kweli pia kwamba alipoziona, kabla ya kumwonea huruma, kitu ndani yake kilikuwa kimefurahi. Alijiona kama mwizi, na mwizi akibanwa huwa mkali.

"Nenda tu," akasema. "Kucha ni zako. Mafundi wako kila mji."

"Haya," akasema Nyuzi. Akavaa kofia. Kwenye ngazi viatu vyake havikusita hata mara moja, naye Kidoti alikuwa akisikiliza.

Akaenda. Simu hazikuja, naye Kidoti hakupiga. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze, na kiburi cha wapendanao kikishakaa kitini hakiinuki kwa kukohoa. Jumamosi zilijaa vilevile, wateja walimuuliza Nyuzi yuko wapi, akawa anajibu "kazini," hadi wakaacha kuuliza. Kilichomchoma zaidi ni jambo dogo ambalo asingeweza kumwambia mtu: kila wiki mbili mahali fulani, mwanamke asiyemjua alikuwa amekaa ameushika ule mkono.

Shangazi alimwacha, kisha akachoka kumwacha.

"Binti yangu, mtu akiondoka na hasira hurudi. Akiondoka na swali lisilojibiwa ndiye hupotea. Alikuuliza nini?"

"Hakuuliza. Alinituhumu."

"Ni mamoja. Ulimjibu?"

Kidoti akaanza kupanga chupa za rangi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Simu ililia mvua za kwanza zilipoanza. Alikuwa ameibana kati ya sikio na bega, brashi mkononi, akidhani ni mteja.

"Fundi," ikasema ile sauti. "Habari za kazi?"

Akaiweka brashi chini. "Njema."

"Kucha haziko njema. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu."

"Zimefanyaje?"

"Huku nilipata fundi wa haraka. Anasugua kwa mashine, anapaka, nakwenda. Wa kidole cha kati ukaanza kuachana na nyama. Nikaufunika kwa jeli nyingine, usiku hauonekani. Sasa umenyanyuka wote. Nimekwenda hospitali."

"Daktari anasemaje?"

"Nilimwambia jeli imeniua. Akacheka. Anasema wapo wanaopaka miaka na kucha zao salama, na wapo ambao ngozi zao haziitaki kabisa, zinawasha na kuvimba, hao waachane nayo. Anasema mimi simo kwenye kundi lolote. Mimi nimejimenya kama kiazi." Akavuta pumzi. "Amezikata zote. Niache jeli mpaka zikue. Miezi minne, mitano."

Kidoti angeweza kusema nilikuambia. Neno hilo lilikuwepo ulimini, tamu kabisa. Akalimeza.

"Na kazi?"

"Napiga kwa nyama ya vidole. Sauti imekuwa ndogo, kama mtu anayeongea chumba chenye mtoto aliyelala. Meneja ananivumilia hadi mwisho wa mwezi. Ulisema kweli, Kidoti. Nami nikakuita mwongo. Nilitaka kukuambia hilo tu. Sikuzuii na wateja."

Akakata. Kidoti akabaki ameshika simu. Mteja wake akamtazama, akazipuliza kucha zake mwenyewe kwa mdomo.

"Shangazi," akasema, "naomba ruhusa ya kusafiri."

"Unakwenda kukata kucha ambazo hospitali imeshazikata?"

"Nakwenda kujibu."

Shangazi akaendelea kusuka. "Vaa lile gauni la kijani," akasema.

Kidoti alifika jioni, gauni la kijani limekunjamana kwa safari, kibegi mkononi. Ukumbi wa hoteli ulikuwa mkubwa, wenye mapazia mazito na meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe, na wageni wachache waliokuwa wakinywa chai. Nyuzi alikaa pembeni kwenye stuli, amekonda, ameinamia gitaa. Hakumwona. Alikuwa akipiga ule wimbo wa mluzi. Zamani kucha zilipogusa nyuzi kila sauti ilisimama peke yake, kali, inayong'aa. Sasa zilitoka za mviringo, za chini, moja ikiegemea nyingine. Mzee mmoja aliyekuwa meza ya jirani alishusha gazeti akaegemeza kichwa mbele ili asikie. Kidoti naye aliegemea, akagundua kwamba wimbo ulikuwa umekwisha kutungwa, una mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa wa huzuni.

Nyuzi alipoinua macho akamwona. Hakusimama upesi. Aliliegemeza gitaa ukutani, akaja, akaketi mbele yake kama mgeni.

"Umekuja kuziona?"

"Lete."

Akauweka mkono juu ya kitambaa cheupe. Kucha zilikuwa fupi, zimeparara, na kile kidole cha kati kilikuwa na ngozi nyekundu tupu, huku mzizini ukucha mpya umeanza kuchungulia, mwembamba kama mwezi mwandamo. Kidoti akakishika kwa chini, asikiumize.

"Unakuja mzuri," akasema. "Mafuta asubuhi na jioni, usiutie kwenye maji ya sabuni. Utaota sawasawa."

"Asante."

"Sijamaliza." Hakumtazama usoni, alikitazama kidole. "Siku ile nilikuambia kweli. Kucha zilikuwa mbovu, na mtu yeyote ningemwambia vile. Lakini na wewe ulisema kweli. Sikutaka uende. Nilipoziona nilifurahi, nikasema sasa amepata sababu ya kubaki. Ndiyo maana nilishindwa kujibu."

Nyuzi akanyoosha ukingo wa kitambaa kwa mkono wa kushoto.

"Hilo la pili," akasema, "ungeanza nalo."

"Ungebaki?"

"Sijui. Pengine ningekwenda. Lakini ningekwenda nikiwa na wa kumrudia. Mimi nimekaa huku nikijiambia yule alinipenda kwa masharti." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Na kila yule fundi wa mashine akinishika mkono, namwambia polepole, mwenye mkono huu yuko nyumbani, hapendi."

Kidoti akacheka naye, machozi yakamtoka papo hapo, akayafuta kwa ncha ya kile kitambaa cheupe bila kujali kilikuwa cha hoteli.

"Mwisho wa mwezi wananiachisha," akasema Nyuzi. "Nitarudi sina kazi, sina kucha. Mtu wa namna hiyo akitaka kuoa anaanzia wapi?"

"Anaanza kwa kuuliza."

"Nakuuliza."

"Nimekubali. Lakini mimi si wa kujiozesha. Nina shangazi."

Nyuzi akatoa simu mfukoni, akaomba namba ya shangazi, akapiga pale pale, mkono wake mbovu ukiwa bado mkononi mwa Kidoti. Alisalimia kwa adabu zote, akajieleza, akasema anachoomba. Upande wa pili mashine za nywele zilivuma kwa mbali.

"Mwanangu," akasema shangazi, "nimekusikia, na moyo wangu umefurahi. Lakini binti wa kaka yangu haombwi kwa simu. Rudi nyumbani, uje na wakubwa zako, mkae kitako, mseme hayo yote tena polepole."