Mlango wa Chumba cha Nne

Nimelala Lubumbashi chini ya lori. Nimelala Juba risasi zikipita juu ya paa. Halafu nikaja kuogopa mlango. Cheka tu, hata mimi nilicheka mwanzoni.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya Manyatta inayofanya hata ng'ombe wapumue moshi. Tumbo lilikuwa limeanza kugombana na usukani, kwa hivyo nikaacha malori, nikawa mtunza ploti ya Ndambiri, vyumba vyake vya kupangisha. Kazi yenyewe ni kufagia, kufungulia watu maji, na kutukanwa na pande zote mbili.

Siku hiyo jua likizama, Ndambiri akanipa bisibisi.

"Chumba cha nne. Ng'oa mlango."

"Mzee, Celina alienda korti. Walisema asiguswe hadi Alhamisi."

"Nani amemgusa? Ninagusa mlango. Mlango ni wangu."

Nyinyi mnaopanga mnaijua hiyo. Mpangaji akikataa kuhama, mwenye ploti hamtoi. Anatoa mlango, kisha anaachia baridi na wezi kazi iliyobaki.

Ningekataa. Lakini mzee kama mimi, miaka hamsini na mbili, hana kazi, ana tumbo tu... Nikaenda.

Celina, fundi wa cherehani, hakuwa amerudi kutoka sokoni. Alikuwepo mama yake, bibi kizee tuliyemwita Cucu Rwamba, kutoka Mbeere, kifua kibovu, amejikunja kitandani na kopo lake la ugoro.

"Una karatasi ya korti?" akauliza.

"Sina, Cucu. Naupeleka kunyolewa tu, utarudi." Nikiona haya huwa natania.

Hakucheka. Aliinuka polepole, akaweka kiganja juu ya mbao. Akakiacha hapo... muda mrefu.

"Mwongera," akaniita kwa jina, akinong'ona. "Sasa mimi nitatokea wapi?"

"Si pako wazi kabisa, Cucu! Tokea popote!"

"Mimi hupita mlangoni."

Niliufunga mlango kwenye baiskeli, nikausukuma hadi kwangu Kanja. Ndambiri alitaka uwe mbali, Celina asiurudishe. Nikauegemeza kwenye ukuta wa mawe chumbani. Mke wangu Marcella alikuwa kwao Nkubu, kwa hivyo hakukuwa na wa kuniambia mimi ni mjinga. Nikaketi na uji wangu.

Saa mbili hivi, taa ikanywea.

Ko. Ko. Ko.

Nikainua kichwa. Mlango wa nyumba yangu uko kulia. Sauti ilitoka kushoto.

Ko. Ko.

Ule ulioegemea mawe.

Harufu ya ugoro ikajaa chumba. Mtu akakohoa, kikohozi cha ndani, chenye maji... Kisha, taratibu:

"Hodi."

Sasa nisikilize. Mimi nimezunguka nchi tano nikila kwa watu, na mama yangu alinifunza adabu kwa kiboko. Hodi nina jibu lake moja, na hutoka kabla akili haijafika.

"Karibu," nikasema.

Kitasa kikashuka.

Mlango haukufunguka. Ungefungukia wapi? Lakini baridi ikanipita usoni. Nyayo kavu zikajiburura sakafuni, nyuma yangu... Kitanda changu kikalia, vile kitanda hulia mtu akikikalia.

Sikugeuka. Nilitoka mbio, nikalala nje kwenye migomba.

Kulipopambazuka niliurudisha mlango, mbio. Celina alikuwa amesimama pale palipokuwa na mlango, karibu na blanketi alilotundika kuziba upepo. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mama alituacha jana saa mbili," akasema. "Aliniambia nimshike mkono nimpeleke mlangoni. Nikamwambia, mama, mlango hakuna. Akasema anajua uliko."

Niliupachika ule mlango kwa haraka hadi bisibisi ikanitoboa kidole.

Alhamisi nilisimama kortini nikasema yote, isipokuwa hayo ya saa mbili. Kazi nikaipoteza. Celina akashinda. Akae, na mlango usiguswe tena na mtu yeyote. Hakimu aliandika hivyo.

Baada ya mazishi nilimwendea, kofia mkononi. "Celina, mwanangu, niazime huo mlango. Usiku mmoja tu. Mama yako yuko kwangu. Aliingilia hapo, hawezi kutokea pengine."

Sijui kama aliniamini. Nafikiri aliniamini.

"Mlango huu hautoki, Baba," akasema, akaufunga. Polepole.

Marcella alirudi kutoka Nkubu. Akanusa ugoro, akaona godoro limebonyea upande wake, akakataa hata kuweka mkoba chini. Yuko kwao hadi leo. Mimi nalala kwenye kiti.

Jana nilijikaza. Saa mbili, kitanda kilipolia, nikapiga magoti gizani.

"Cucu, tafadhali. Nakuomba uhame."

Kopo likafunguliwa. Mtu akavuta ugoro.

"Una karatasi?"