Mguu wa Mke wa Balozi

Ndugu zangu mnaoishi kandokando ya ziwa, nawaletea habari ya nyumba moja katika kijiji kilicho jirani na Kamanga. Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wahamie vijijini. Katika nyumba hiyo aliishi Mayala, balozi wa nyumba kumi, pamoja na mkewe Kija, binti yao Suzana na mdogo wake, na bibi Ng'washi, mama mzazi wa Mayala, aliyekuwa mjane.

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari Kija alikuwa akipalilia viazi nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelainika, na honi ya feri ilisikika kwa mbali. Ng'washi alikaa kizingitini akichambua mchicha. Kija aligeuza kichwa kumkemea mtoto aliyekuwa akifukuza vifaranga, na jembe likashuka pasipo pake. Likampasua mguu wa kushoto, karibu na vidole, hata weupe wa ndani ukaonekana.

Ng'washi hakupiga yowe. Alichemsha maji, akatia chumvi, akaosha, akafunga kwa kipande cha khanga safi. Kisha wakaenda zahanati kwa mganga Gosbert, mtu mzima wa Bukoba mwenye maneno mengi. Gosbert alimchoma Kija sindano, akamshona nyuzi tano.

"Mguu utavimba na kupata moto," alisema. "Usiogope, ni damu inakimbilia kazini kusafisha. Baadaye nyama mpya itaota kutoka chini, polepole, nyekundu kama ya mtoto mchanga. Nyama hiyo ni laini mno, ukiilemea inachanika. Majuma matatu usishike jembe."

"Majuma matatu!" Kija alishtuka. "Mganga, huoni ni wakati wa palizi?"

"Naona. Kwetu nako tunapalilia migomba."

"Migomba haina haraka," Ng'washi akamtania. "Ndiyo maana nyie Wahaya mkapata nafasi ya kusoma. Pamba yetu ingewanyima."

Wakacheka wote, hata Kija mwenye maumivu.

Mambo yakaenda kama alivyosema mganga. Siku tatu mguu ulivimba na kupwita, Kija asiweze hata kuugusisha chini. Siku ya saba uvimbe ukapungua. Siku ya kumi Ng'washi alipofungua kitambaa aliona nyama nyekundu imejaa vizuri, na kidonda kikaanza kuwasha. Kija akamshukuru Mungu.

Lakini ilikuwapo kazi ya shamba la kijiji. Watu walilima kwa mstari, bega kwa bega, na aliyekosekana alisomwa jina mkutanoni na kuitwa kupe. Wafugaji wanamjua kupe, kwa hiyo jina hilo liliwachoma. Tena balozi Mayala ndiye aliyekuwa hodari wa kulitamka. Mwezi uliotangulia alimsimamisha Justa, mama wa nyumba ya nne, aliyelalamikia mgongo, akamwambia mbele ya watu, "Mgongo wa kupe hauishi kuuma."

Sasa Justa alipata zamu yake. Katikati ya palizi aliinua kichwa akasema kwa sauti, "Ndugu balozi, mstari wa nyumbani kwako una pengo. Au kupe wa kwa mkubwa hahesabiwi?"

Mstari mzima uliangua kicheko. Mayala naye alicheka, ila aliporudi nyumbani hakula.

"Mama Suzana, kidonda kinaumaje?" aliuliza.

"Hakiumi sana. Kinawasha tu."

"Kikiwasha kimepona. Kesho utatoka."

"Mganga alisema majuma matatu. Hata mawili hayajatimia."

"Mganga hasomwi jina mkutanoni."

Ng'washi akaingilia, "Mayala, mwanangu, ng'ombe akiumia kwato, humfungi plau."

"Mama, ng'ombe wangu hatukanwi mbele ya watu."

Ng'washi akanyamaza. Msomaji, usimdhanie Mayala kuwa mtu katili. Alimpenda mkewe, na watoto wake hawakulala njaa. Aibu ndiyo iliyomtawala. Na Kija mwenyewe hakutaka kuitwa jina lile, basi asubuhi alifunga mguu wake akaenda.

Siku ile ile nyama mpya ilichanika na udongo ukaingia. Maumivu yakarudi makali kuliko ya kwanza, yakapanda hadi gotini. Mayala alinunua vidonge vya kutuliza maumivu katika duka la ushirika. Kija akawa anameza viwili asubuhi na viwili saa sita. Kwa vidonge hivyo alilima, tena akawapita wengine, na watu wakasema kweli mke wa balozi si mchezo. Jioni dawa ilipokwisha nguvu alijifungia ndani akauma mkono wa gauni lake, watoto wasisikie.

"Kidonda kinanuka," Ng'washi alisema siku ya tano tangu Kija arudi shambani. "Twende kwa Gosbert."

"Palizi inaisha Jumamosi, mama," Kija alijibu. "Tutakwenda Jumatatu."

Siku ya saba aliamka hana maumivu, wala hakuwa amemeza kidonge. Alishangaa. Mayala alifurahi akapiga makofi.

"Umeona? Ungekaa ndani ungeoza bure."

Kija naye alifurahi. Jambo moja tu lilimtatiza: vidole vilikuwa baridi na rangi yake imegeuka, na alipokanyaga ilikuwa kama anakanyagia mguu wa kuazima.

Mchana huo alikuwa jikoni akisonga ugali. Suzana akaingia akinusa.

"Mama, unatuchomea furu?"

"Samaki wametoka wapi? Leo ni mchicha."

Ng'washi akatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limeporomoka kutoka mafigani, limelala juu ya kidole kidogo cha Kija, na ngozi ilikuwa ikifuka moshi. Kija alikuwa bado anasonga.

Bibi alilipiga kaa lile kwa mwiko, akamkalisha mkwewe, akatoa sindano ya kushonea. Akakichoma kidole kimoja, akachoma na cha pili.

"Unasikia?"

"Bado hujaanza, mama?" Kija aliuliza.

Mayala alikuwa amesimama mlangoni. Alilisikia swali lile, akaenda kutoa baiskeli.

Walivuka kwa feri hadi Mwanza. Hospitalini daktari aliufungua mguu, akauangalia, akaufunika.

"Nyama si itaota tena, daktari?" Mayala aliuliza. "Mara ya kwanza ilikuwa imeota vizuri."

"Nyama huota kutoka kwenye nyama iliyo hai. Hapa mbele damu haifiki tena, pamekufa. Ndiyo maana hapaumi. Tutakata, tuone kama kisigino kitapona."

Walikata vidole vyote na sehemu ya mbele. Kwa siku mbili hakuna aliyejua kama mguu uliobaki ungeishi. Siku ya tatu Kija aliamka analia kwa sauti. Mayala akakimbia kumwita nesi.

"Panauma?" nesi aliuliza, akibonyeza taratibu.

"Panauma! Panauma mno!"

"Vizuri," nesi akasema. "Pako hai."

Akampa dawa ya kutuliza, maana sasa hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kulala. Mayala alikaa kwenye ukingo wa kitanda akajifunika uso. Kija alirudi nyumbani baada ya majuma tisa. Anatembea kwa kisigino na fimbo. Mstarini hajarudi tena.

FUNZO

Mungu ameuwekea mwili kazi yake ya kujijenga, na kazi hiyo ina siku zake. Hakuna balozi wala mkutano wa kuzipunguza. Kuwashwa si kupona, na kidonda kunyamaza ghafla kunaweza kuwa jambo baya kuliko kuuma. Dawa ya maumivu ni njema kwa aliyepumzika. Usimpe mtu ili umrudishe kazini. Mwenzako akikuambia anaumwa, msadiki kwanza, umpeleke kwa mganga. Na sisi wazee tulioona tukanyamaza, kama alivyonyamaza Ng'washi siku ile, tuna sehemu yetu katika vidole vile vitano. Tusinyamaze.