Pilau Iliyomwagwa Chini ya Genge

Hii hata ukisimuliwa na mama yako mzazi utabisha: sufuria ya pilau ilimfukua mtu akiwa hai, Minnesota, mchana kweupe.

Januari 1997. Watu watatu walitoka mtaa wa Cedar-Riverside kwenda mji wa Shakopee, msibani. Rafiki yao Rahab alikuwa amepigiwa simu kutoka nyumbani kwamba mama yake amefariki, na Rahab huko Shakopee alikuwa anaishi peke yake. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo. Redio ilisema watu wakae ndani, wasikaribie miteremko mikali. Lakini msiba ni msiba. Haika akapika, mumewe Vedasto akashika usukani, na Elinaja, kaka yake Haika, akakaa nyuma amepakata sufuria iliyofungwa blanketi.

Walipopita mji wa Savage, gari likaserereka likaingia mtaroni. Injini ikazima, haikuwaka tena. Hakuna gari lililopita. Simu ya mkononi hakuna aliyekuwa nayo.

"Tukae humuhumu," Haika alisema.

"Tugande? Tushuke pale chini kwenye reli," Elinaja alisema. "Lile genge la kando yake linazuia upepo."

"Redio imesema tusipite chini ya miteremko, kaka."

"Mdogo wangu, mimi nimezaliwa Marangu. Theluji naiona tangu nanyonya."

"Ulikuwa unaiona kwa mbali!"

Vedasto akacheka. "Haya shemeji, tangulia."

"Nyie wa Bukoba mnajua kula senene tu. Beba sufuria."

Theluji iliwafika mapajani. Juu, ukingoni mwa genge, nyingine ilikuwa imejaa na kuning'inia kama paa. Elinaja alikuwa hatua thelathini mbele. Kikasikika kishindo kizito, kama gunia limetupwa ghalani. Ufa ukakimbia juu ya mteremko. Nusu ya theluji ikaporomoka, ikasimama, kukawa kimya.

Elinaja hakuonekana.

Vedasto alitazama juu. Nusu ya pili ilikuwa bado imening'inia, juu yao. Ng'ambo ya reli akaona moshi ambao kutoka barabarani haukuonekana. "Kuna moshi kule, kuna nyumba. Nakimbia nikaite watu."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini. Kwenda tu."

Haika alikuwa anasomea unesi. Mtu aliyefukiwa hana dakika ishirini. "Usiende. Chimba."

"Haika, lile paa la theluji likishuka tunakufa wote."

"Chimba, Vedasto!"

Akamwaga pilau yote. Yeye akachukua sufuria, mumewe mfuniko. Glavu moja ya Elinaja ilikuwa juu ya theluji, wakaanzia hapo. Haika alivunja tawi, akalichomeka chini. Hamna. Akachomeka tena. Mara ya sita likagonga kitu laini.

Theluji iliyosimama ilikuwa imeshikana kama saruji. Vedasto alichimba macho yakiwa juu. Kucha za Haika zikatoka damu. Likatokea bega, kisha uso, midomo ya bluu, theluji mpaka kooni. Akaitoa kwa kidole, akampulizia pumzi mara mbili, mara tatu, mara nne.

Elinaja akakohoa. "Mguu," alisema.

Walimlaza kwenye blanketi wakamburuta. Walikuwa hawajafika mbali nusu ya pili iliposhuka, ikafunika shimo, sufuria na wali.

Moshi ulitoka kwa bibi mmoja Mmarekani. Yeye ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Mguu ulipona, vidole viwili vya mkono vilivyoganda vikakatwa. Tangu hapo Elinaja hajasema tena kwamba anaijua theluji.

Hospitalini, kwenye korido, Vedasto alikaa kiti cha mbali kidogo na mkewe.

"Ulijua lile paa litashuka?"

"Nilijua linaweza kushuka."

"Na ukanibakiza."

"Nilikubakiza."

Hawakuliongea tena, na ndoa ipo mpaka leo. Ila Vedasto akiulizwa, anasema siku ile mkewe alichagua, na hakumchagua yeye. Haika anasema alichagua wote watatu.

Sasa niambie wewe. Kaka yuko chini, hapumui. Mume yuko mbele yako, mzima, anataka kukimbia. Ungemwachia aende?