Nilimpa Simu Asome Mbele ya Watu

"Soma! Si ulisema umeona? Haya soma, watu wote wasikie!"

Huyo anayepiga kelele ni mimi, jamani... Na ninayempigia kelele ni mwanamke wa umri wa mama yangu, siku ya sherehe yake mwenyewe.

Nitukaneni mkitaka. Lakini nisikilizeni kwanza.

Naitwa Sharon. Mjaluo wa Rorya, naishi Mwanza. Natengeneza logo na kadi za biashara. Ndo kwanza naanza, yaani mteja akipiga simu tu, natafuta pa kukaa!

Basi akanitafuta Mama Masele wa Mkolani, hapa hapa Mwanza. Jina lake mwenyewe ni Evelina. Akanitumia ujumbe wa sauti Whatsapp:

"Binti yangu, nataka logo, kadi na bango. Andika Everina Kalamu. Tunahudumia mashule, maofisi, mpaka maharusi."

Nikatabasamu. Huku kwetu r na l tunazichanganya sana, na hata mimi shuleni nilichekwa kwa kusema "sule" badala ya shule. Nikajiona mjanja. "Everina" nikarekebisha fasta, nikaandika Evelina.

"Kalamu" nikaiacha vilevile...

Si amesema mashule na maofisi? Nikajua anauza vifaa vya kuandikia! Na maharusi, nikajiambia, ni kadi za mwaliko hizo. Nikachora kalamu moja matata, imelala kiubavu, nyembamba huku, imetuna kule. Nikamtumia picha, na chini nikaandika: "Mama, soma vizuri kila neno kabla sijachapa."

Akajibu kwa dole gumba, na sauti fupi: "Nimeona."

Nikachapa.

Siku ya uzinduzi nikafika Mkolani nimependeza. Nikakuta masufuria ya pilau, kuku, sambusa, akina mama wa kanisani na vitenge vyao. Nikaangaza huku na huku. Duka la madaftari liko wapi?

Masele, kijana wake mkubwa, akavuta kitambaa kilichofunika bango.

EVELINA KALAMU.

Kicheko kikalipuka!

"Kumbe leo tunakula peni!" mtu akapayuka.

Karamu, jamani! Alimaanisha karamu! Anapika kwenye sherehe!

Mama Masele akanisogelea, akaninong'oneza, "Wanacheka nini?"

Kabla sijajibu akasimama Luhende, mwenye hoteli, aliyeniahidi kazi ya mabango yake yote.

"Dada, hata neno karamu hujui kuandika? Na mimi nilitaka kukupa kazi!"

Machozi yakanilenga. Nikaona jina langu linaharibika nikiwa bado sijalijenga. Badala ya kusema samahani, nikachomoa simu.

"Nilimtumia! Akakubali! Mama, si ulisema umeona? Haya soma, watu wote wasikie!"

Nikamshikisha simu mkononi.

Akaitazama. Macho yake hayakutembea. Yalibaki pale pale.

"Nimesahau miwani," akasema polepole.

"Chukua yangu, mama," akasema Hellen, mke wa mchungaji, kwa nia njema kabisa.

Mama Masele akaivaa. Akaigeuza simu juu chini, akaigeuza tena.

Ndipo nikaelewa... Wote tukaelewa.

"Kumbe hajui kusoma," mtu wa nyuma akasema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyecheka tena. Heri wangecheka!

Mama Masele akavua miwani, akamrudishia Hellen, akanipa simu yangu. Akawageukia wageni, "Karibuni chakula." Akaingia ndani, hakutoka tena.

Kesho yake nikaenda kwake. Nilipita mlangoni mara nyingi nikishindwa kubisha. Mwishowe nikazunguka, nikamkuta uani anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

Akamenya ndizi nzima kwanza.

"Marahaba."

"Mama, nisamehe. Nilikosea mimi. Ningekuuliza tu unauza nini, haya yote..."

"Ule mchoro niliona ni mwiko wa kupikia," akasema. "Nikasema binti anajua kuchora. Nikafurahi."

Nikalia.

"Unajua kwa nini nilitaka kadi?"

"Ili upate wateja, mama."

Akatikisa kichwa.

"Wateja ninao. Kila nikimaliza kupika, mtu ananiletea simu yake, 'Mama, andika namba yako hapa.' Nasema mikono ina mafuta. Kila sherehe, mikono ina mafuta! Nikaona watu wa mjini wanapeana kadi, hakuna anayeulizwa kuandika. Nikasema, nikipata kadi, siri yangu itakaa salama mpaka nakufa."

Jamani... Kadi niliyochora mimi ndiyo ilipaswa kumfichia aibu yake. Mimi nikaichukua aibu hiyo nikaianika mbele ya kanisa zima!

Nilitengeneza upya kila kitu bure, na hilo halikuponya chochote. Luhende aliwahi kunipigia tena kuhusu kazi yake. Nilikataa. Nilishindwa kusimama mbele yake.

Wewe unayeanza kazi kama mimi, nakuomba. Usimtumie mtu kazi ukamwambia "soma mwenyewe". Mpigie. Msomee. Muulize. Na ukikosea mbele ya watu, meza hiyo aibu wewe. Usimtafutie mwingine wa kuibeba!

Kadi mpya nilimpelekea mwenyewe kabla ya kuchapa zote. Nilimsomea kila neno, taratibu. Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza.

Alisema tu, "Evelina ni lipi hapa?"

Nikamwonyesha.

Akaliwekea kidole, akakitembeza herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Na hii ya kwanza inaitwaje?"