Watoto Arobaini na Tatu Ndani ya Mashini

Mwaka 2017 tuliamkia foleni ya maji. Kambi yetu ilikuwa nje ya Kalemie, turubai juu ya turubai, na kila asubuhi ndoo zilipangwa kabla ya watu. Mimi, Isidore, nilikuwa katibu wa kamati. Mutoto akipatikana porini bila wazazi, mimi njo nilimupiga picha, nikaandika jina la mama aliyekubali kumulea na kambi yake. Watoto arobaini na tatu. Wote niliwaweka ndani ya kompyuta moja kuukuu, na mahali pengine popote sikuwaweka. Upumbavu wangu ulianzia hapo.

Siku moja kompyuta hiyo ilinguruma tu, ikakataa kufunguka. Kioo cheusi, basi.

Asubuhi hiyohiyo alifika Mama Arlette. Alitembea siku sita kutoka upande wa Niemba. Kijiji chao kilichomwa moto, na katika kukimbia alipotezana na watoto wake wawili. Virginie alikuwa na miaka tisa. Caleb alikuwa bado ananyonya, na dada yake njo alimubeba mugongoni.

"Papa katibu, nasikia una picha za watoto."

"Ninazo, mama. Ila mashini imekufa."

Aliketi chini kando ya mashini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Fundi mumoja alisema ataitengeneza, lakini atafuta kila kitu kilicho ndani. Nikakataa. Mimi na Mama Arlette tukaibeba kwa Mama Mouna, mwenye kibanda cha fotokopi mujini. Yeye ni wa ukoo wa wafanyabiashara wa ziwa, na kazi yake alijifunza Kigoma, upande wa Tanzania.

Aliisikiliza mashini, sikio karibu. "Mahali picha zilipo ni pazima, nasikia panazunguka. Iliyokufa ni programu inayoiendesha. Tutachoma diski ya Linux, programu nyingine ya kuendesha kompyuta, tuiwashe kwa hiyo."

Mama Arlette akaruka. "Kuchoma? Nyumba yangu walichoma! Na picha za watoto pia munataka kuchoma?"

Mama Mouna akamushika mukono. "Pole, mama yangu. Pole sana. Kigoma wanasema kuchoma, ninyi munasema kugrave. Hakuna moto, ni mwanga tu unaoandika juu ya diski."

Linux alikuwa nayo tayari kwenye kompyuta yake. DVD tupu zilibaki mbili. Umeme ulikatika tangu juzi, tukatumia jenereta. Wateja wakamwita Mama Mouna, akaniachia kazi. "Papa Isidore, grave ile image, kisha uniite."

Nikatafuta. Image si njo picha? Sikuona picha yoyote. Niliona faili moja kubwa, jina lake linaishia na ISO. Nikaikopi kwenye DVD, vile tunavyokopi nyimbo za kwaya. Tukaiingiza katika mashini mbovu. Kioo cheusi.

Mama Mouna akakagua diski. "Loo! Papa katibu, umefunga mahindi ndani ya gunia, unangoja yaote! Image hapa si sura ya mutu. Ni diski nzima iliyokunjwa ndani ya faili moja. Usiikopi. Bonyeza juu yake, chagua 'graver l'image', nayo itajikunjua juu ya DVD."

"Na diski hii ya kwanza?"

"Hiyo basi tena. DVD za aina hii haziandikwi mara mbili."

Ilibaki moja. Mama Arlette alisikia, akaanza kusali kwa sauti.

Mama Mouna aliniamuru nijaze kwanza mafuta ya jenereta, maana ikizimika katikati diski imekufa. Akachagua mwendo wa polepole. Ilipomaliza, akaifungua atazame. "Ukiona faili nyingi, imekaa vizuri. Ukiona ISO moja peke yake, umekosea tena."

Zilikuwa nyingi.

"Sasa washa mashini, ubonyeze F12 papo hapo. Nyingine zinataka kitufe kingine. Chagua DVD."

Linux ikafunguka! Ikauliza kama tunataka kuijaribu tu au kuisakinisha ndani ya mashini. Kidole changu kilikwenda kwenye kusakinisha.

"Toa mukono!" Mama Mouna alinifokea. "Ukisakinisha sasa, utafuta watoto wote. Jaribu kwanza bila kusakinisha. Kopi picha kwenye fulashi. Kusakinisha ni baadaye."

Nilikopi zote. Tukazifungua moja moja. Kwenye ya kumi na saba Mama Arlette alipiga kelele. Virginie! Alikuwa hai, na niliandika kuwa analelewa na Mama Philomène, kambi ya pili. Kitambaa cha kubebea mutoto kilikuwa kimefungwa kifuani pake.

"Geuza," Mama Arlette akasema. "Nione mugongo."

"Picha ni hiyo moja tu, mama."

Lakini nilikumbuka. Siku ya picha hiyo Virginie alikataa kabisa kukifungua kitambaa, ingawa kilikuwa kitupu. Nilimwambia mama yake hivyo. Sikujua namna nyingine ya kusema.

Jioni Virginie alirudi kwa mama yake. Kesho yake tulisakinisha Linux, na mashini inafanya kazi mupaka leo. Mama Arlette alijifunza kugrave vizuri kuliko mimi. Kila Ijumaa anaandika picha zote kwenye diski mbili. Moja inakaa kwa Mama Mouna, nyingine kwangu.

Ijumaa moja nilimwambia apumzike, kwa sababu wiki hiyo hatukupata mutoto mupya.

"Caleb hana picha, Papa katibu," akajibu. "Hata moja."

Akaingiza diski, akabonyeza.