Namba 41

Walikutana kwenye foleni ya manispaa, Sihem na barua ya baba yake, Lotfi na ya marehemu babu yake, wote wakiuliza reli ya kitongoji chao itaanza lini. Karani akasema mwakani. Lotfi akamnong'oneza Sihem kwamba hata babu aliambiwa mwakani, akafa akingoja. Sihem akacheka mpaka mtandio wake wa bluu ukamwangukia mabegani. Basi, Sihem akawa amenaswa na penzi.

Miaka minne ikapita. Baba yake Sihem alitaka kitu kimoja tu: Lotfi ajenge ghorofa juu ya nyumba ya wazazi wake, kama waoaji wote wa hapa, ndipo apewe mke. Lakini ukuta wa nyumba ile ulikuwa na namba nyekundu, 41, maana yake reli itapita hapo. Ukijenga namba ikiwapo, unavunjiwa. Ukiifuta namba, siku ya kubomolewa hulipwi kitu. Ndiyo maana kila Ramadhani ikikaribia mtaa mzima hupaka chokaa, na kila mtu huizunguka namba yake asiiguse.

Alhamisi moja baba akatangaza kuwa binamu wa mji wa Sfax anakuja Jumapili kuposa, na safari hii atakubaliwa. Sihem akampigia Lotfi mara sita, simu ikaita tu. Kisha muuza mkate akamwambia wapimaji wa ardhi wameonekana kwa kina Lotfi. Akakimbia na kandambili zake.

Akamkuta Lotfi juu ya stuli, chokaa hadi kwenye nyusi. Ile nne ilikwisha futika.

"Una wazimu? Wapimaji wamekuja!"

"Wamepima mtaro wa maji machafu, wakaondoka. Simu iko ndani, mpenzi. Tazama mikono yangu."

"Na mama yako?"

"Analia jikoni. Ila brashi kanipa yeye."

"Reli ikija kweli je? Tuko juu, tuna mtoto?"

"Naogopa kama wewe. Lakini kaka yako kaniambia habari za Jumapili. Hiyo naiogopa zaidi."

Sihem akatazama mwisho wa mtaa kana kwamba treni ingetokea pale pale. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo brashi. Na matofali yafike kesho, baba ayaone kabla ya Jumapili."

Akaipaka ile moja. Chokaa ilipokauka, wekundu ukaonekana kwa mbali chini yake. Wakapaka tena.