Kulungu Mwenye Matundu Mawili

Kulungu alikuwa na matundu mawili. Mtu aliyelala hatua thelathini nyuma yake alikuwa na moja tu, kifuani.

Inspekta aliwatazama wote wawili kwa uzito unaostahili, kisha akavua kofia kwa ajili ya mmoja wao. Marehemu alikuwa mfuata nyayo wa chama cha wawindaji. Walimwita Pua, kwa sababu alijua mnyama yuko wapi kabla mnyama mwenyewe hajajua.

Mashahidi walikuwa wawili, bunduki moja, ya kaliba kubwa. Shahidi wa kwanza alikuwa Mwalimu, mzee aliyefundisha uwindaji miaka arobaini, Inspekta akiwa mmoja wa wanafunzi wake. Wa pili alikuwa mkwewe, kinyozi, aliyekuja porini mara ya kwanza maishani ili baba wa mkewe ampende. Bunduki ilikuwa mikononi mwa kinyozi.

"Nani alifyatua?"

Mwalimu alitazama chini. "Huyo."

"Mimi? Baba, si ulinipa bunduki baada ya mlio? Ulisema, 'Hebu nishikie'!"

"Na jana ulimwambia nini marehemu? Mwalimu ameshanieleza," Inspekta akasema.

Kinyozi akameza mate. "Alinicheka viatu. Nikamwambia akija kunyoa nitamkata sikio. Ni utani, afande! Vinyozi wote tunasema hivyo!"

Akafungwa pingu. Inspekta hakuuliza swali jingine. Mtu aliyekufundisha kushika bunduki humuulizi kama ana uhakika.

Mchana, katika chumba cha maiti, daktari alidondosha risasi kwenye bakuli la chuma.

"Ilikwama chini ya ngozi ya mgongo. Ina nywele za mnyama."

"Ilipitia kwa kulungu kwanza?"

"Ikatokea upande wa pili kama mtu anayepita sebuleni. Tena angalia, haikutanuka hata kidogo."

Inspekta aliangalia. Masikio yakaanza kumchoma.

Somo la kwanza la Mwalimu alilijua kama jina lake. Bunduki kubwa ina nguvu za kuangusha nyati, na kulungu ana mwili laini. Basi chagua risasi ya ncha laini, itanuke, imalizie nguvu zake humo humo ndani. Ile ngumu itatoka, na hujui inakwenda kumsalimia nani. Kila mpigaji huchagua risasi zake tano na huzibeba mwenyewe. Aliyesahau somo alisimama juani akiwa na sufuria kichwani. Inspekta aliijua ile sufuria vizuri.

Alirudi kituoni mbio. Kwenye benchi la mapokezi, mke wa kinyozi alikuwa akilia. Pembeni yake baba yake alikaa wima, koti la kuwindia bado mwilini.

"Vitu vya mahabusu viko wapi?"

Askari wa zamu akafungua bahasha. Kitana, leso, na risasi tano. Zote za ncha laini.

Zilikuwa kwenye bahasha hiyo tangu saa nne asubuhi. Hakuna aliyezitazama, na aliyepaswa kuzitazama alikuwa Inspekta mwenyewe.

Akamwita Mwalimu ofisini na kufunga mlango.

"Naomba utoe vilivyomo mfukoni."

"Unanipekua mimi?"

"Shikamoo nimeshatoa, Mwalimu. Sasa wewe toa risasi."

Mzee alizipanga mezani moja moja. Nne. Ngumu zote.

"Kwa nini?"

"Mwaka jana nilimpiga kulungu begani kwa ncha laini. Ikapasukia kwenye mfupa. Alikimbia siku mbili na jeraha lake, na Pua ndiye aliyemkuta, bado anapumua. Hakumwambia mtu. Macho yangu yamekwisha, mwanangu. Siwezi tena kuchagua pa kupiga. Nikachagua inayopenya popote."

"Na Pua hukumwona?"

"Hata kulungu nilimwona kwa shida."

"Na mkweo?"

"Yeye ni mgeni. Nilidhani mgeni akikosea watu watasema ni ugeni." Akafuta uso kwa kiganja. "Andika nimeua. Andika nimemsingizia mume wa binti yangu. Nitatia sahihi." Sauti ikashuka. "Ila aina ya risasi... lazima uiandike?"

Inspekta alishika kalamu.

"Nitaanza nayo, Mwalimu. Chini yake nitaandika kwamba nilimfunga pingu mtu asiye na hatia kwa sababu niliona haya kukuuliza."

Alipomaliza alikwenda mwenyewe mahabusu na funguo. Kinyozi alisimama haraka, akichungulia nyuma ya bega lake.

"Afande, baba yuko hapo nje? Amekula? Presha yake hupanda akikaa na njaa."

Inspekta alihangaika na kufuli muda mrefu kuliko kufuli ilivyohitaji.